Matete Chini ya Kaburi la Baba

Nimesomesha fizikia miaka kumi na tisa katika shule ya kijiji chetu, upande wa Khanka, wilaya ya wakulima wa pamba, na sijaona elimu isiyomfaa mwenyewe kama hii yangu. Kila Oktoba natoa mirija mitano ya kioo kabatini, wa kwanza mnene kama kidole, wa mwisho mwembamba kama sindano. Naisimamisha katika bakuli la maji yaliyotiwa wino, na darasa la nane linajazana mezani kuangalia. Katika mrija mnene maji hayaendi popote. Katika ule mwembamba yanapanda yenyewe, bila pampu, bila mtu kuyavuta, mpaka urefu wa kiganja. Mrija ukizidi wembamba, maji nayo yanazidi kupanda. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, Zulayho, aliniuliza, "Sasa mwalimu, nani anayazuia yasiendelee?" Nikamwambia ni uzito wake yenyewe. Lilikuwa jibu sahihi, na lilinikera siku nzima.

Kwetu hata mirija haihitajiki. Chimba shimo la kina cha goti shambani, nenda kanywe chai, ukirudi utakuta lina maji, tena ya chumvi. Udongo wetu una vinjia vyembamba kuliko unywele, na maji hupanda humo bila kuchoka. Yakifika juu hukauka, yakaacha ukoko mweupe unaoua pamba. Hupanda mashambani, hupanda kwenye kuta za nyumba. Ndiyo maana hatuziki watu chini. Maiti tunamlaza juu ya ardhi na kumjengea kuba ndogo ya matofali mabichi, na makaburi yetu ukiyaona kwa mbali utadhani ni tanuri za mikate zimepangwa.

Dawa ya maji hayo wazee waliijua kabla hakijaandikwa kitabu chochote. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, unalaza matete, unene wa vidole viwili. Nafasi kati ya tete na tete ni pana, na maji hayana namna ya kupanda penye nafasi pana. Yanaishia hapo.

Baba yangu, Rozimat, alikuwa mgawa maji wa kijiji kwa miaka arobaini na moja. Yeye ndiye aliyefungua mifereji kila majira ya baridi ili mashamba yafurikishwe na chumvi ioshwe, na yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba kuosha huko huko hunyanyua maji yaliyo chini. Kufa hakukumwogopesha. Aliogopa maji yale. Mwezi wake wa mwisho aliniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Nilikuwa nimerudi kwetu baada ya kuachika, na kaka yangu Kuranbay alikuwa Kazan akipiga lipu maghorofa ya Warusi.

"Sanabar, wewe haya mambo umeyasoma," akasema. "Niwekeeni matete tabaka mbili, msiweke moja. Juu yake tofali mbichi, na nje mnikandike udongo mtupu, ukuta upumue. Msinilaze kwenye maji ya chumvi, mwanangu. Nimeyaona yanachofanya."

"Utapona, baba."

"Nitapona na mapafu ya nani? Nijibu la matete."

"Tabaka mbili, baba."

Alifariki Novemba. Wanawake kwetu hawaendi makaburini siku ya mazishi, basi nikamshika fundi Matnazar langoni na kumpa maagizo yote kabla jeneza halijatoka. Aliporudi alikuwa na tope mpaka kwenye viwiko. "Tabaka mbili," akaniambia. "Nimeyakata mwenyewe mferejini. Baba yako sasa amelala pakavu kuliko mimi." Nililia, lakini nililia vizuri.

Kuranbay hakuwahi mazishi. Pasipoti yake ilikuwa kwa msimamizi wa kazi, na msimamizi alikuwa safarini. Alipoipata ilikuwa siku ya tatu. Kwa mwaka mzima hakuweza kulizungumzia. Alipiga simu, akauliza hali ya mama, akauliza bei ya kondoo, kisha akakata.

Akaja kwenye pilau ya kutimiza mwaka, siku kumi na mbili kabla, na hata begi hakulitua. Alikwenda moja kwa moja makaburini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na si kwa huzuni tu.

"Baba yangu mmemweka kwenye banda la kuku!"

"Karibu kwanza kaka, kaa."

"Sikai! Nizodi yule mwizi wa mbolea kaburi lake lina vigae mpaka utosini. La baba, mgawa maji wa watu wote hawa, ni tope, na matete yanachungulia chini kama ndevu za mbuzi. Nimepiga lipu ghorofa kumi na sita za watu nisiowajua hata majina, Sanabar. Halafu baba yangu mimi alale kwenye tope?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

"Mgonjwa anataka mengi. Angetaka na kuku arushwe mwezini?"

Saruji ilikuwa imeshafika. Mifuko sita na maboksi ya vigae vya buluu, mbele ya lango, juu ya gari la jirani. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la nane, polepole, kwa mikono. Ukipiga lipu kuanzia chini mpaka juu, unayafunika matete. Lipu yenyewe inakuwa ngazi. Maji yanapita humo, yanayaruka matete, yanaingia kwenye tofali lililo juu. Na yakishaingia hayana pa kutokea, maana umeufunga ukuta pumzi.

"Mwalimu," akasema, akicheka kwa mara ya kwanza, "mimi nimeshika mwiko wewe ukiwa bado unakojoa kitandani. Saruji haipitishi maji. Wewe fundisha vitabu vyako."

Mama yetu, Davletbika, alikuwa ameketi kwenye zulia karibu na jiko, shuka magotini. "Mwacheni kijana anywe chai," akasema. Kijana ana miaka arobaini na sita.

Nikaenda kwa fundi Matnazar, nikidhani yeye atamsikiliza. Mzee alikuwa akinoa kisu cha kukatia matete, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawana desturi nalo.

"Mtoto wa kiume wa marehemu ameshasema," akajibu. "Mimi ni nani? Mwaka huu peke yake nimeyapaka saruji makaburi manane. Wote niliwaambia. Unajua wananijibu nini? Eti mzee anataka tope ili apate kazi ya kukarabati kila mwaka."

"Kwa hiyo unapaka tu?"

"Nisipopaka mimi atapaka mwingine, na ataharibu zaidi. Kunywa chai, mwalimu."

Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nauma mdomo. Nilimwambia Kuranbay tujenge vikuta viwili uani, juu ya masinia mawili ya mama. Kila kimoja tofali moja chini, matete, kisha matofali matatu juu. Changu nikikandike udongo na matete yaonekane. Chake akipige lipu na vigae, toka kwenye sinia mpaka juu, vile vile anavyotaka kaburini. Tutie maji ya mfereji masiniani, tungoje.

"Nikikushinda unanipikia tukhumbarak," akasema, akitaka vile vifuko vyetu vya unga vinavyojazwa mayai na kuchemshwa. "Zile zenyewe, na mayai yasivuje."

"Nikikushinda mimi, unazirudisha saruji."

"Haya."

Alikijenga kikuta chake kwa mapenzi, Mungu ni shahidi. Alipima kwa uzi kitu kisichofika hata paja. Alikata vigae vikakaa kwenye pembe kama vimezaliwa hapo. Tukakiacha kikauke siku mbili, tukatia maji, na kila asubuhi nikaongeza maji kabla ya kwenda shule.

Siku ya nne ya maji ilikuwa Jumapili. Majirani walikuwa wamesikia habari, na uani pakajaa watu kama kuna harusi. Kikuta changu tofali la chini lilikuwa jeusi kwa maji, limeanza kumeguka, linatia aibu. Juu ya matete palikuwa pakavu, lakini nani aliangalia juu? Kikuta cha Kuranbay kilisimama, buluu, kinang'aa, kikavu kama sahani iliyofutwa. Akakipapasa kwa kiganja na kuwaonyesha watu kiganja hicho.

"Mwalimu umefeli mtihani wako mwenyewe!" akasema mwanamke mmoja, na watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya na uso wangu.

Upumbavu wangu ulikuwa huu: miaka kumi na tisa nimeonyesha maji yakipanda ndani ya kioo, nikasahau kwamba ukuta si kioo. Nilikuwa nimepanga jaribio ambalo jibu lake limefichwa, nikawaalika watu waje walitazame.

Walipoondoka nikachukua nyundo. Kuranbay alikuwepo, na hakunizuia. Kigae cha juu kabisa kilibanduka kwa pigo moja, na nyuma yake tofali lilikuwa limekuwa uji. Nikavunja la pili, la tatu. Yote uji. Matete yalikuwa yamelowa chepechepe, na lipu iliyopita juu yake ilikuwa nyeusi kwa maji toka chini mpaka kileleni. Kaka yangu akachuchumaa. Alitia kidole kwenye tofali la juu, kikazama mpaka kiungo cha pili.

"Labda mchanga ulizidi," akasema.

Nikamwonyesha ile lipu nyeusi kwa ncha ya nyundo.

"Najua, Sanabar. Mimi si mjinga. Hata Kazan kuta zinalowa hivi hivi, tunazifunika, tunachukua ujira, tunaondoka."

"Basi tumekubaliana. Kesho zirudishe."

"Nikishazirudisha nifanye nini?" Hakuinua uso. "Niambie. Siku ile walimbeba watu mia mbili. Mpaka muuza mafuta ya taa alishika jeneza la baba. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi ghorofa ya tisa, nasikiliza kwenye simu watu wakipiga kelele. Sikubeba. Sikuweka hata kipande cha tofali. Mikono hii inajua kazi moja tu. Unataka niondoke tena bila kumfanyia kitu?"

"Mfanyie kingine. Soma dua, lisha watu."

"Dua ni kazi ya mullah. Kulisha ni kazi ya mpishi."

"Kuranbay, aliniomba. Alinishika mkono akaniomba mimi."

"Alikuomba wewe kwa sababu wewe ulikuwepo."

Alilisema bila ukali wowote. Huwa nina maneno, waulize wanafunzi wangu, lakini siku ile niliangalia kidole cha kaka yangu kilichojaa uji wa tofali nikaona kwamba nikishinda hapa nitakuwa nimemnyang'anya baba mara ya pili. Mama alikuwa amesimama mlangoni; alikuwa amesikia yote. "Sanabar," akasema, "njoo ndani unisaidie kukunja nguo." Ndani hapakuwa na nguo yoyote ya kukunja. Nikaingia, nikaketi naye, tukasikiliza Kuranbay akifagia vigae vilivyovunjika.

Mtu anaweza kunilaumu. Ningeweza kulala juu ya mifuko ile, ningeweza kupiga mayowe kijiji kizima kikasikia. Nimejilaumu mwenyewe kwa hayo yote na mengine ambayo hakuna atakayeyafikiria.

Alifanya kazi siku tatu. Kwanza aliyakata matete yaliyochungulia, akayasawazisha kwa kisu, kisha akashusha lipu mpaka ardhini, akaifunika kwa vigae. Siwezi kusema uongo, lilikuwa kaburi zuri kuliko yote. Siku ya pilau wazee walilizunguka wakimpigapiga Kuranbay mgongoni. Alilia mbele yao bila kujificha, na aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi. Alikula sahani mbili na kumtania mama kuhusu meno yake. Tangu utotoni sikuwa nimemwona vile. Baada ya siku mbili akarudi Kazan.

Desemba mifereji ikafunguliwa kuosha chumvi. Makaburi yetu yamezungukwa na shamba la pamba pande tatu, nami nikaenda kwa mgawa maji mpya, Bekdurdi, aliyekuwa mwanafunzi wa baba, nikamwomba shamba lile mwaka huu aliache.

"Mwalimu," akasema akijikuna chini ya kofia yake ya manyoya, "nisipoliosha pamba haioti, na mwenye shamba atanila nyama. Aliyenifundisha kwamba shamba hilo linataka maji mara tatu ni nani? Ni baba yako."

"Safari hii mara moja tu. Nakuomba."

"Ningekuwa na uwezo..." Akaangalia kando. Alikuwa mtu mwema, na hilo halikusaidia chochote.

Wakaliosha mara tatu. Maji yalisimama shambani yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mitihani: udongo kama wetu, wenye vinjia vyembamba kama vyetu, unaweza kuyapandisha maji zaidi ya mita moja na nusu. Ukuta wa kaburi la baba haufiki mita. Nilirudia hesabu mara kadhaa nikitafuta kosa langu. Wanafunzi wangu hukosea kila siku. Mimi nilipolihitaji kosa sikulipata.

Mwishoni mwa Februari nilipita barabarani nikaona vigae vinang'aa kama siku ya kwanza. Sikuona kitu kingine.

Wiki moja kabla ya Navruz, sikukuu yetu ya Machi, fundi Matnazar alikuja shuleni. Nilikuwa katikati ya kipindi. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama uwanjani amevua kofia, na nikatoka na chaki mkononi.

"Limeanguka?"

"Limekaa," akasema. "Matofali yalikuwa laini kama unga uliokandwa. Vigae vilishikilia, vilishikilia, halafu vikaingia ndani vyote kwa pamoja. Ni uzito, mwalimu. Angeacha udongo mtupu..."

Nilikuwa na swali moja tu. "Ndani palikuwa pakavu?"

Akaangalia viatu vyake.

"Fundi, nimekuuliza."

"Usiniulize, mwanangu."

Kwetu kaburi likishaanguka halifunguliwi wala halijengwi upya; hurundikiwa udongo, basi. Wanaume sita walikwenda na makoleo. Udongo wakauchota ukingoni mwa mfereji wa shamba lile lile, maana mwingine uko wapi? Ulikuwa na ukoko mweupe juu. Mimi nilisimama barabarani kwa sababu hapo ndipo ninaporuhusiwa kusimama, nikaangalia mpaka wakamaliza, kisha nikarudi nikamalizia kipindi.

Nilikuwa nimepanga kumdanganya mama. Sikufika mbali, alinitazama nilivyovua viatu tu. "Limeanguka," akasema yeye. Nikaketi nikamweleza, nikaruka lile ambalo fundi hakulisema, naye hakuliuliza. Aliizungusha pete kidoleni.

Simu ikalia kabla ya chakula. Ni Kuranbay, kwa video, na nyuma yake ukuta mbichi wa ghorofa ya mtu. Nilinyoosha mkono niichukue. Mama akaiwahi.

"Mama! Theluji imewapitia salama? Kaburi la baba vipi, vigae havijabanduka?"

"Linang'aa, mwanangu," mama akasema. "Kila anayepita anauliza nani alijenga."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye wewe? Tena langu nataka rangi hiyo hiyo. Usije ukaniletea ya kijani, sipendi kijani."

Kaka yangu alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye saruji. Akasema mama ataishi miaka mia, tena asizungumze hivyo, tena buluu ile inapatikana hapo hapo Kazan na atanunua mapema asije akaikosa. Walipoagana mama aliiweka simu juu ya zulia kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika.

"Mama," nikasema. "Umefanya nini?"

"Nikifa, yule anaweza kuja, anaweza asije. Akiwa na kitu cha kunijengea atakuja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayepanga chakula cha kesho. "Usije ukamwambia habari za matete. Wala habari ya leo usimwambie."

"Unajua yatakufanya nini maji yale? Unajua?"

"Nimekuwa mke wa mgawa maji miaka hamsini, unaniuliza mimi? Kulowa nitalowa. Lakini atakuwa amekuja." Akanishika mkono. "Apa."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nilishamwahidi mtu mmoja nikashindwa, asinitie kwenye lingine. Hakubishana nami. Alinishika tu, na mkono wake ulikuwa mdogo na mkavu, na hakuniachia mpaka nilipoapa.